HOTUBA YA KIKUNDI CHA WANAWAKE SIKU YA KUMBUKUMBU YA KUFIKA KAMBINI

Tumepewa nafasi ya kusema machache kabla ya ngoma. Mwenyekiti ametuomba tuwe wafupi, nasi tutajitahidi, ingawa wazee waliotutangulia kwenye kipaza sauti hawakuombwa hivyo.

Siku hii tunakumbuka kuvuka ziwa. Wengi wetu tulivuka mwishoni mwa mwaka 1996, kutoka Uvira, Mboko, Baraka na vijiji vya Fizi. Wengine walitufuata baada ya vita ya pili kuanza Agosti 1998. Kila mwaka husimuliwa habari za wanaume waliopiga makasia usiku kucha. Ni kweli walipiga, na Mungu awabariki. Lakini ndani ya mitumbwi ile mlikuwa pia na sufuria, chumvi, nguo za watoto na unga wa siku tatu. Vitu hivyo havikujifunga vyenyewe.

Kule nyumbani mwanamume alivua, na mwanamke alinunua ndagala pale mchangani, akazianika, akazipeleka sokoni. Mihogo aliilima yeye, akailowanisha, akaianika, akaitwanga. Fedha ya ndagala ndiyo iliyolipa karo za wengi wenu mlioketi hapa mbele. Hata hivyo sheria ya nchi yetu ilimtazama mama huyo kama mtoto. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya jambo lolote la kisheria linalomfunga. Mama aliyetunza fedha za likelemba za wenzake wote sokoni, bila kupoteza hata senti, hakuweza kutia sahihi mkataba wake mwenyewe. Ruhusa hiyo ilifutwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kaa huku karibu miaka ishirini. Wapo mabwana hapa kambini ambao habari hiyo bado haijawafikia, au imewafikia wakaiweka chini ya godoro.

Tukiuliza kwa nini, tunajibiwa kwamba ni mila. Mila tunaiheshimu, ni sisi tunaowafundisha watoto nyimbo na lugha, na bila sisi mngekuwa mmekwisha kusahau majina ya mito ya kwenu. Lakini si kila kinachoitwa mila kilitoka kwa babu. Shule za wakati wa Wabelgiji ndizo zilizompeleka mvulana kwenye ukarani na msichana kwenye kushona, kupika na kupiga pasi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na ilikuwa mwaka 1964 ndipo Sophie Kanza akawa Mkongo wa kwanza mwanamke kupata shahada. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Katika uchaguzi wa Mei 1960, ule unaosifiwa kila tunapomtaja Lumumba, mama zetu hawakupiga kura. Na mwaka 2024 nchi hiyo hiyo ikapata waziri mkuu mwanamke, Judith Suminwa Tuluka. Tuliposikia tulipiga vigelegele, halafu tukaenda kupanga foleni ya maji.

Maana hapa kambini kazi zetu hazikupungua, zilibadilika tu. Shamba hakuna, lakini kuna foleni ya bomba, foleni ya mgao, foleni ya zahanati, na kuni. Juu ya kuni tungeweza kusema mpaka jua litue. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch liliandika habari za wanawake wa kambi za Tanzania walioshambuliwa walipokwenda kutafuta kuni. Liliandika pia habari za wanawake waliopigwa na waume zao ndani ya nyumba. Watu hupenda kukumbuka ile sehemu ya kwanza.

Tunajua na baba zetu wana uchungu. Simon Turner, mtafiti aliyefanya kazi miaka ya 1990 katika kambi ya Lukole kule Ngara, kati ya ndugu zetu Warundi, aliandika jinsi wanaume walivyolalamika kwamba UNHCR imekuwa mume bora kuliko wao. Maneno hayo hata hapa tumeyasikia, hasa jioni, baada ya vikombe viwili vitatu. Mtu aliyekuwa na nyavu na mtumbwi wake, leo anangoja unga wa kupimiwa. Inaumiza. Lakini aliyemnyang'anya nyavu ni vita, si mkewe, na kumpiga mkewe hakujarudisha hata uzi mmoja.

Sasa tuje kwa binti zetu, na hapa tutajisema na sisi. Nani anayemwamsha msichana saa kumi na moja alfajiri aende bombani, kaka yake akiwa bado amejifunika? Ni sisi. Nani anayemwambia abaki nyumbani siku ya mgao amshike mdogo wake? Ni sisi. Anafika darasani amechelewa, amechoka, anasinzia, kisha tunasema wasichana hawana akili ya hesabu. Akianza kupata siku zake na kitambaa hakuna, hukaa nyumbani, na mwalimu mwanamume haambiwi sababu. Kufika darasa la sita, wakati wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, wengine wamekwisha kutoka. Huko nyumbani Kongo shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, na hapa kambini pia hatulipi karo, lakini karo si kitu peke yake kinachomtoa mtoto wa kike shuleni.

Mmoja wao tunaweza kumsema, bila jina. Alifaulu vizuri. Likizo haijaisha, baba yake akapokea sehemu ya mali kutoka kwa mtu mwenye umri wa kuwa mjomba wake. Baba si mtu mbaya. Alikuwa na mgonjwa na hakuwa na kitu cha kuuza. Wamama wa bloki walikaa chini ya mwembe wakakubaliana kwamba zamu ya likelemba ya mwezi ule imrudishie yule bwana fedha yake. Aliyekuwa na zamu alikuwa anangojea kununua cherehani. Alilia kidogo, kisha akakubali. Baba alikasirika kwamba wanawake wamezungumza mambo ya nyumba yake, na kwa wiki mbili hakutusalimu. Msichana yuko sekondari. Mwaka uliofuata yalitokea mengine kama hayo, mfuko wetu ukawa mtupu, na yule wa pili hatukuweza kumrudisha. Ana mtoto sasa. Tukipita mlangoni pake hutuamkia kwa heshima, nasi tunakosa la kusema.

Ndiyo sababu tunataka jambo hili liwe la Kamati nzima, lisibaki la wamama wa chini ya mwembe. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, na mojawapo ni kwamba nusu ya viongozi wa kamati wawe wanawake. Kwenye karatasi hapa kwetu tunahesabiwa. Lakini kikao huitishwa saa kumi na moja jioni, wakati moto unawashwa. Mama akienda, watoto hawali; asipokwenda, huandikwa kwamba hakuhudhuria. Akifika, hupewa kazi ya kugawa soda. Na zikitoka kazi za posho, za karani zinajulikana ni za nani, na ufagio unajulikana ni wa nani.

Ndugu Mwenyekiti, tunayoomba ni haya. Vikao vianze saa tatu asubuhi. Kila bloki ichague mama mmoja na baba mmoja, waende pamoja katika nyumba yoyote ambamo binti wa shule ameposwa, kabla mali haijapokelewa. Akienda mama peke yake, hufungiwa mlango. Na foleni ya bomba asubuhi iwapokee wavulana pia. Tumewapima, wanaweza kubeba ndoo.

Majina ya wamama kumi walio tayari tumeyaandika na kumkabidhi katibu leo asubuhi. Upande wa baba karatasi bado ni nyeupe, na kalamu iko hapa mezani mpaka ngoma itakapokwisha.