Vizuizi vya Ushindani kwa Wamiliki wa Zamani wa Biashara za Nembo: Mada kwa Wafanyabiashara wa Fizi na Baraka

Franchaizi inajulikana: mwenye nembo hutoa jina, bidhaa na utaratibu wa kazi, mwenye duka hutoa mtaji, mahali na jasho, kisha hulipa ada. Depo za vinywaji na vibanda vya kutuma pesa haviitwi hivyo kila mara, lakini mtindo unakaribiana.

Tatizo liko kwenye kifungu kinachomkataza mwenye duka kushindana baada ya mkataba kuisha.

Mfano ni mama mwenye kibanda cha kutuma pesa sokoni Baraka. Mkataba ukiisha, anakwangua rangi ya kampuni ukutani na kurudisha bango. Hiyo ni haki ya mwenye nembo. Lakini kifungu kikimkataza kazi ya aina hiyo kwa miaka miwili katika Kivu Kusini yote, jimbo lenye zaidi ya kilomita za mraba 60,000, kinalinda nini? Wateja wake ni wavuvi wa ndagala, wachuuzi wanaongoja boti za Kigoma, na wasafiri wa barabara ya Uvira. Katika mji jirani wa Mboko hakuwa na mteja hata mmoja, na huko pia amefungiwa.

Mfanyakazi wa mshahara ana kinga. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inabatilisha katazo la namna hiyo, isipokuwa pale alipofukuzwa kwa kosa zito au alipoacha kazi bila kosa zito la mwajiri. Hata hapo, lazima awe anajua wateja au siri zinazoweza kumdhuru mwajiri vibaya, katazo lihusu kazi aliyokuwa akiifanya, na lisizidi mwaka mmoja. Faini iliyopita kiasi, mahakama huipunguza.

Mama wa kibanda hana kinga hiyo, kwa kuwa karatasi inamwita mfanyabiashara huru. Anarudishwa kwenye amri ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo kwayo mkataba ni sheria kwa walioufunga. OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, haina sheria ya pamoja kuhusu franchaizi. Sheria ya ushindani ya tarehe 9 Julai 2018 inakataza makubaliano yanayobana soko, lakini kutoka Baraka, nani ataipeleka hoja hiyo hadi Kinshasa kwa ajili ya kibanda kimoja? Jibu analopewa ni lilelile: ulitia sahihi. Alitia sahihi maandishi ya Kifaransa ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Kwingine mambo yamepimwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inavumilia katazo la mwaka mmoja tu, kwa jengo lilelile, na kwa ajili ya kulinda ujuzi wa mwenye nembo. Kenya, Julai 2014, mamlaka ya ushindani iliitaka kampuni ya simu ya Safaricom iwaruhusu mawakala wa M-Pesa kuhudumia kampuni nyingine pia. Hao walikuwa bado kazini. Aliyekwisha kuondoka anastahili zaidi.

Mada hii haimshauri yeyote kuvunja mkataba wake. Inapendekeza katazo lisizidi mwaka mmoja. Liishie mahali biashara ilipokuwa. Lilinde siri za kweli, si soko zima. Faini ipunguzwe inapozidi. Bidhaa zilizobaki zinunuliwe na mwenye nembo. Na kifungu kisomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Bunge limpe mwenye kibanda kinga aliyonayo mfanyakazi, pamoja na ukomo wa mwaka mmoja, na iongeze ukomo wa mahali pamoja. FEC, shirikisho la kampuni za Kongo, iandae mkataba wa mfano wenye mipaka hiyohiyo.

Wafanyabiashara wa Fizi na Baraka wenye mikataba ya aina hii wanaombwa wadai nakala zao sasa, kabla ya siku ya kuifanya upya.