PISTONI YA SILINDA YA NNE
Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, ndugu zangu tuliolala katika mabweni haya, na ninyi wadogo zetu mnaolala humo sasa:

Niliombwa nizungumzie utumishi wa umma. Niwieni radhi, nitazungumzia injini. Vijana waliotumwa kunipokea walilizunguka gari langu mara mbili, ndipo wakaniamkia: "Shikamoo mzee, hiyo ina turbo?"

Ina turbo. Turbo ni feni mbili katika mhimili mmoja: moshi wa injini huizungusha ya kwanza, ya pili husukuma hewa kwenye silinda. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, basi si uchawi wa Wajapani. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana, kazi imekwisha. Katika nyanda za juu faida yake huonekana zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 1,700, kama Nairobi, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 82 ya ile ya pwani, na injini ya kawaida hutweta. Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, Björn Waldegård akiwa kwenye usukani, ikawa gari la kwanza la turbo kufanya hivyo. Ikarudia 1985 na 1986.

Najua mabwenini mnabishana Subaru na Mitsubishi, kama sisi tulivyobishana Simba na Yanga. Injini ya EJ20 ya Impreza ina sentimita za ujazo 1,994, bloku ya aluminiamu, na pistoni zilizolala zikirusha ngumi kulia na kushoto. Uzito hukaa chini. Ile 4G63 ya Lancer Evolution, toleo la kwanza hadi la tisa, ina 1,997, silinda zimesimama mstari mmoja katika bloku ya chuma cha kusubu. Tommi Mäkinen alishinda Safari kwa Lancer 1996, Colin McRae kwa Impreza 1997. Lakini mkinilazimisha kuchagua ya kuongezewa nguvu, nachukua chuma. Nasema hivyo nikiwa mwenye Subaru.

Sikilizeni kwa nini. Siku moja gari langu lilipoteza nguvu mlimani, likawa linapiga mluzi na kutoa moshi mweusi. Gereji moja ikaniambia turbo imekufa. Sikuuliza swali, mimi mwenye shahada! Nilichukua mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, uliokuwa wa kuezekea nyumba, nikafungiwa turbo kubwa zaidi na mipira mipya ya hewa. Gari likaruka. Nikataka zaidi, wakapandisha msukumo, nozeli za petroli zikabaki zile zile na kompyuta haikuguswa. Hewa nyingi, petroli kidogo: joto likapanda, mchanganyiko ukawa unalipuka ovyo. Nilisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, nikaongeza sauti ya redio. Wiki ya tatu, usiku, mke na watoto wakiwa ndani, injini ikafa porini. Tulilala humo garini, na mke wangu hakusema neno mpaka asubuhi.

Fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, ndiye aliyeifungua. Akaniuliza, "Moshi wa kwanza ulikuwa wa rangi gani?" Mweusi, nikasema. "Turbo iliyochoka huvujisha oili, moshi huwa wa buluu. Mweusi ni petroli iliyozidi." Akaomba turbo ya zamani, akautikisa mhimili, haukucheza. Akachukua mpira wa zamani, akaziba upande mmoja, akaujaza hewa na kuupaka povu la sabuni, kama afanyavyo mziba pancha. Viputo vikatoka kwenye ufa usiozidi urefu wa kucha. Hewa iliyokwisha kupimwa na sensa ilikuwa ikitorokea pale, na kompyuta inaendelea kutoa petroli kwa ajili ya hewa isiyofika. Mpira tu, ndugu zangu.

Nyumba iliezekwa miaka miwili baadaye. Pistoni ya silinda ya 4 ni hii hapa. Naiacha kwa mwalimu wa fizikia. Ipitisheni mkono kwa mkono, mtazame ilivyokatika kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Ubishi wa Lancer tutaumalizia kwenye chakula.