Kuzaa Watoto Katika Zama za Joto na Mvua Isiyotabirika



Nimetakiwa niseme juu ya swali lililoulizwa na vijana: je, ni haki kuzaa watoto wakati huu ambapo jua limezidi na mvua haijulikani ijapo? Wako wazee waliokasirika wakasema hilo si swali la Mwislamu. Mimi sioni hivyo. Aulizaye hivyo amemfikiria mtoto wake kabla hajaja, na si baba wote wafanyao.

Katika Sura ya Al-Israa Mwenyezi Mungu amekataza watoto wasiuawe kwa hofu ya umaskini, akaahidi riziki yao na yetu. Basi kusema kwamba mtoto ni balaa la dunia, nakataa. Joto hili halikuletwa na mtoto wa Terego. Limeletwa zaidi na moshi wa makaa ya mawe na mafuta, uliotoka kwanza katika viwanda vya Ulaya na Marekani, na sehemu ya Afrika nzima ni ndogo mno. Mwenye magari matatu akituhimiza tupunguze watoto, naye na aanze na magari.

Lakini kuahidiwa riziki si ruhusa ya kuiteketeza. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta watu milioni 9 na nusu katika Uganda. Ya 2024 ilikuta karibu milioni 46. Ardhi ni ile ile. Tangu 2017 ndugu zetu wa Sudan Kusini wamekaa nasi hapa Omugo, nao hupika kwa kuni kama sisi. Simlaumu mkimbizi. Namlaumu akataye mti wa shea uliolisha babu zake, akauza makaa hata baada ya amri ya Rais ya 2023 iliyokataza biashara hiyo kaskazini ya nchi.

Saad bin Abi Waqqas alipougua alitaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu kupita thuluthi, akamweleza kuwa ni bora kuwaacha warithi na cha kuwatosha kuliko kuwaacha wakiwaomba watu. Ikiwa sadaka ilizuiwa kwa ajili ya warithi, je, gunia la makaa?

Ama kupanga uzazi, Masahaba walifanya azli Kurani ikiteremka, kama alivyosimulia Jabir, na Imamu Ghazali aliijuzisha. Mume na mke wakikubaliana kupisha miaka kati ya mtoto na mtoto, mama mkwe asiwatukane. Ajabu ni kwamba tunawasema hao, ilhali mwenye watoto kumi na wawili, ambaye shamba lake limegawanywa hata mdogo hana pa kupiga jembe, hatumwiti barazani!

Basi vijana, oeni, mzae kwa nafasi, wala msiikatie tamaa rehema ya Mola. Na kila akika ipandiwe miti. Mche wa shea huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa; asiyeweza kungoja na aongeze mwembe.

Wabillahi taufiki.