Daktari Aliyependa Injini



Tumeombwa tuseme machache kuhusu huduma. Waliotutangulia jukwaani wana elimu kutuzidi. Yetu iliishia sekondari, na umri wetu umepita kati ya vipuri na daftari la madeni. Kwa hiyo tumemchagua mtu ambaye muuza vipuri anaweza kumwelewa: Daktari Michael Wood, Mwingereza, bingwa wa upasuaji, aliyehamia Kenya katika miaka ya 1940, akajifunza kurusha ndege, na tangu hapo hakuitenganisha tena kazi ya kisu na kazi ya injini.

Wazee waliofungua maduka huko ndani wanaikumbuka hali ilivyokuwa. Mvua ikinyesha barabara inakatika, na mgonjwa analazwa juu ya magunia akingoja lori. Hospitali ilikuwapo, daktari alikuwapo. Kilichoua watu ni masafa.

Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako Wood alikuwa na shamba upande wa magharibi, madaktari watatu walipanga namna ya kuyashinda masafa hayo. Mmoja alikuwa Wood. Wa pili, Archibald McIndoe wa New Zealand, alikuwa mwalimu wake. Huyu alipata sifa Uingereza kwa kuwatengenezea upya nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Wa tatu alikuwa Thomas Rees, Mmarekani. Hebu mfikirieni McIndoe: kwa miaka mingi ndege ilikuwa imemletea watu walioungua, naye akakubali iwe gari la wagonjwa. Mwaka uliofuata, 1957, ikazaliwa Huduma ya Madaktari wa Ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo twaijua kwa jina la Amref.

Watu husimulia sana habari za kuruka. Sisi tungependa kukaa kidogo na mashine yenyewe, maana hapo ndipo tabia ya daktari wa namna hii inapoonekana.

Injini ya ndege ndogo za aina hiyo ina plagi mbili katika kila silinda, na magneto mbili za kuziwasha, kila moja ikijitegemea. Moja ikifa angani, ya pili huendelea. Mwenyezi Mungu alitupa figo mbili kwa hesabu hiyohiyo. Kabla ya kuruka, rubani huizima magneto moja, akasikiliza mngurumo, akaiwasha. Kisha huizima ya pili, akasikiliza tena. Ni daktari na kifua cha mgonjwa. Na hata kabla ya kuiwasha injini huchuruzisha petroli kidogo katika kikombe kinachoonyesha ndani, atazame kama maji yametuama chini, kwa sababu tone la maji likifika mahali pabaya laweza kuizima injini. Tena kuna hesabu ya uzito. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, na mchana wa jua huzidi kuwa nyembamba, bawa likakosa kitu cha kuegemea na injini ikapungukiwa nguvu. Mgonjwa, machela, dawa, mafuta, vyote vyapimwa. Huruma haipunguzi kilo hata moja.

Na ndege peke yake isingefaa kitu. Nani angejua kuwa huko mbali mama ameshindwa kujifungua? Ndiyo maana shirika lilisambaza redio za mawasiliano katika hospitali za misheni na zahanati za mbali. Mara nyingi ushauri wa redioni ulitosha, na ndege ikabaki chini. Kwa maoni yetu redio ile ilistahili sifa kuliko ndege, ila haipendezi sana katika picha.

Wood alipewa cheo cha Sir mwaka 1985, akafariki mwaka 1987. Ndege bado zaondoka Uwanja wa Wilson.

Sasa turudi hapa kwetu. Siku ya Dasara twayavisha magari na mitambo mashada ya maua, na ni desturi njema. Lakini sote tumeona, katika zahanati moja na nyingine, mashine nzuri ya msaada iliyofunikwa kitambaa: bamba la marumaru lenye jina la mfadhili lang'aa ukutani, nayo mashine imekufa kwa kukosa fyuzi, mpira wa kuzibia, au fundi wa kuikagua. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya fyuzi. Ndege ndogo ya kubeba abiria kwa malipo kwa kawaida hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka, iwe inaumwa au haiumwi, na fedha za kazi hiyo hutengwa kabla haijapaa.

Kliniki yetu ya kila mwezi iko karibu kupokea mashine mbili. Tunaiomba kamati, mbele ya majirani wanaotibiwa hapo, isizipokee mpaka mfuko wa vipuri na fundi uwe umefunguliwa, wa miaka mitano. Sisi tumekwisha kuandika mchango wetu wa kwanza. Hakutakuwa na bamba. Daftari liko kwa mhazini, meza ya kushoto, karibu na rafu ya viatu.