Mtoto Anapohara: Maji Yachemshwe, Titi Lisikatwe



Si kila bakteria ni adui. Utumbo wa mtoto una bakteria wengi wazuri wanaozuia viini vya magonjwa visipate nafasi. Maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Hiyo ni chakula cha bakteria hao. Ndiyo maana mtoto hupewa titi pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji.

Utafiti uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia, ikiwemo Kenya katika eneo la Nyanza, ulichapishwa mwaka wa 2013. Ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka 1, kisababishi kikuu cha kuhara vikali ni virusi vya rota, kisha kimelea kiitwacho kriptosporidiamu. Rota ina chanjo, inayotolewa nchini tangu 2014. Kriptosporidiamu haina.

Kimelea hiki hutoka kwenye kinyesi cha watu na cha ndama. Kina ganda gumu, na dawa ya maji ya klorini haikiui. Kuchemsha hukiua. Dawa ya maji isiachwe, kwa sababu inazuia kipindupindu. Lakini maji ya mtoto yachemshwe hadi yatokote, kisha yafunikwe. Kuni na makaa ni ghali, kwa hivyo anzeni na maji ya mtoto. Osheni mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, kubadilisha nepi au kushika ndama.

Mtoto akihara, msikimbilie antibiotiki za dukani. Haziui kimelea hiki, na huua bakteria wazuri. Mpeni ORS kwa kipimo cha pakiti, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu alivyoelekeza. Endeleeni kumnyonyesha na kumlisha.

Mpelekeni kituoni mara moja akihara damu, akilegea, macho yakibonyea, akishindwa kunyonya, au kuhara kukifika siku 14.

Katika utafiti huo, vifo vingi vilitokea zaidi ya wiki moja baada ya mtoto kutibiwa, na zaidi ya nusu vilitokea nyumbani. Kwa hivyo hata kuhara kukikoma, mrudisheni kliniki apimwe uzito.