Wimbo Huvuka Mpaka Bila Mzigo: Habari za Mwenda Jean Bosco



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya muziki. Nimechagua mpiga gitaa ambaye wazee waliokaa Kongo wanamfahamu: Mwenda Jean Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Baadaye alikwenda Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Hakuwa na bendi wala spika, alikuwa na gitaa kavu tu. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, cha shahada kikapiga nyembamba, na msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya nyimbo, alimkuta barabarani Jadotville akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye santuri ukafika mbali. Kisha Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akapiga matangazo ya dawa ya Aspro redioni, na vijana wengi wa Kenya wakaiga upigaji wake. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Ndugu zangu, gitaa lile lilisikiwa na watu wengi wa mtaani kabla ya Tracey. Lakini yeye aliuliza jina la kijana, akaliandika. Ndiyo maana leo tunalitaja.

Hapa kwetu, toka Arua hadi Koboko, wapo wapigaji wa adungu na wa gitaa. Wengi walikimbia mikono mitupu, nyimbo zikavuka mpaka zikiwa vichwani. Wenyeji wetu wa West Nile wanalijua jambo hilo, maana nao walikimbilia Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979. Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, nyimbo zake zinazikwa naye.

Kwa hiyo naomba mawili. Kamati ifungue daftari: jina la mwimbaji, kijiji alikotoka, lugha, na nyimbo zake. Na wageni wanaoturekodi siku za sherehe wasiandike "mkimbizi akipiga muziki". Waulize jina, watuachie nakala.

Vijana, anzeni leo jioni na babu zenu.