Kukausha Ghala Yenye Unyevu

Wazee na mama wa Kiambi, sikilizeni. Ghala iliyochimbwa chini hupata unyevu wakati wa mvua. Karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumu, na kuzipika hakuiondoi. Nani huko Manono atazinunua?

Kwanza jueni maji yatokako. Lazeni sahani ya bati sakafuni usiku kucha. Ikilowa chini, maji yatoka udongoni. Ikilowa juu, ni hewa iliyofungwa.

Kwa maji ya udongo, chimbeni nje, upande wa mlima, mfereji wenye kina kuliko sakafu, utelemkao kuelekea Luvua. Kisha shindilieni sakafu kwa udongo wa kichuguu.

Kwa hewa, toboeni matundu mawili yaelekeanayo.

Magunia yakae juu ya ulingo wa miti, mbali na ukuta. Mbegu kavu ndiyo shamba la mwaka ujao.